Vita vya Wapolandi Barazani Maskati

Nianze na mwaka, kwa sababu baba yangu hakuanza na mwaka na nimeyaona matokeo yake. Ilikuwa 1966 na mimi nna miaka kumi na miwili. Tulikuwa tumeshatimiza mwaka na ushei Maskati, baba na mimi, katika nyumba ya ami yangu ndani ya ukuta wa mji. Tulipewa chumba cha juu chenye dirisha linaloangalia majabali yasiyo na hata jani. Mama alikuwa Mombasa. Tulipotoka Unguja baada ya mapinduzi alikuwa na mimba ya miezi minane na hakuthubutu kupanda meli. Akabaki kwa mamake, akajifungua mtoto wa kiume, kisha akavuka kwenda Mombasa akakaa kwa jamaa kusubiri. Alichokuwa akikisubiri ni karatasi moja tu, ruhusa ya kuingia Maskati.

Ruhusa siku hizo haikuwa jambo la kugonga muhuri. Tuliotaka kurudi kwa mababu tulikuwa wengi, na mababu wenyewe hawakuwa na hakika kama wanatutaka. Kiarabu chetu kilikuwa cha chuo cha Kurani, wali wetu ulikuwa na nazi, na wanawake wetu walicheka kwa sauti. Wako waliosema tumekuja na ukomunisti kwenye masanduku, sisi tulioukimbia na sanduku moja la nguo. Barua zote za mama zilianza na swali moja, kabla hata ya salamu: ruhusa imetoka?

Aliyetuwekea dhamana ni ami, ndugu mdogo wa baba. Alitangulia Maskati ujanani, akawa na duka la vitambaa soko la Matrah, na miaka ishirini ya kuishi chini ya zile ngome mbili za mji, moja ikiwa jela, ilikuwa imemfundisha kusema kwa sauti ya chini hata akiagiza chumvi. Alimwambia baba aivue miwani yake myeusi, asisome barua barabarani, asisimame kuitazama ngome. "Kikulacho ki nguoni mwako," alikuwa akisema kila baada ya chakula, kama wengine wanavyosema alhamdulillahi. Baba alimcheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona Unguja jinsi mtu unayemjua anavyoweza kuja mlangoni kwako akiwa mwingine, na tangu siku hiyo nilimshuku kila aliyepiga hodi.

Niliyemshuku zaidi ni jirani yetu. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye jicho moja lililoingia ukungu, na ujanani mwake alikaa Unguja misimu kadhaa ya karafuu, kwa hiyo akijua Kiswahili cha kukatika katika. Alikuja kila siku baada ya sala ya alasiri. Akivua viatu, akikaa pale pale chini ya dirisha, akinywa vikombe vitatu vya kahawa, akitikisa kikombe kuonyesha ametosheka. Hakuwa na duka, hakuwa na kazi niliyoijua, na alikuwa na muda mwingi mno. Tena alikuwa na ila moja iliyonitosha kumhukumu. Alimsikiliza baba.

Hapo sina budi kueleza kulikuwa na nini cha kusikilizwa. Baba alikuwa mwalimu wa taarikhi katika skuli moja ya Unguja. Zamani, kabla sijazaliwa, alifanya urafiki na mzee wa Kipolandi aliyekuwa akitengeneza saa katika kichumba karibu na Darajani. Waingereza walikuwa wamewaleta Wapolandi wengi Afrika Mashariki wakati wa vita vikuu vya pili na kuwaweka kambini huko bara, chini ya Mlima Meru. Vita vilipokwisha, huyu mmoja hakuwa na pa kurudi, akafuata bahari mpaka ikamfikisha kwetu. Yeye ndiye aliyempa baba habari za vita ambavyo watu wake walipigana kutaka kubaki na nchi yao, wakashindwa, na nchi yao ikafutwa kwenye ramani.

Baba hakushikwa na zile siku kubwa za vita hivyo. Alishikwa na siku ya mwisho. Jemadari alikuwa ameshajeruhiwa na kukamatwa, mji mkuu ulikuwa umeshaanguka, na mabaki ya jeshi yalisukumwa kusini mpaka kwenye vijiji vya vilimani, njaa na baridi pamoja. Katika kijiji kimoja, ambacho jina lake baba peke yake aliweza kulitamka, jeshi likavunjika. Hakukuwa na mapigano ya maana. Watu waligeuka wakaenda zao, wengine na bunduki, wengine na yale mafyekeo marefu ambayo wakulima waliyanyoosha wakayafanya mikuki. Babu wa babu wa mtengeneza saa alikuwa mmoja wao. Alifika kwake, akalifukia fyekeo chini ya sakafu ya zizi, akaamka kesho yake kukamua ng'ombe.

Yote hayo baba aliyaandika katika daftari la jalada la kijani, na ramani aliyoichora mwenyewe kwa wino wa rangi mbili. Kila mwisho wa mwaka wa masomo aliwasomesha wanafunzi somo hilo, ingawa halikuwamo kwenye mtaala. Mkaguzi wa elimu, Mwingereza, alipolikuta daftari hilo alisoma, akatikisa kichwa, akatia sahihi na tarehe, na mwalimu mkuu akagonga muhuri wa skuli ukurasa wa mwisho. Mama alikuwa akimtania kuwa mke mwenzake ni Polandi.

Na alikuwa na namna yake ya kusomesha. Hakuanza na mwaka hata siku moja. Aliingia darasani, akafunga mlango na kusema: "Leo asubuhi kumeamka na ukungu. Jemadari ameshakamatwa. Mji umeanguka jana juzi, na nyinyi mmebaki mlimani." Akiendelea hivyo mpaka watoto wanapiga miayo ya njaa isiyokuwa yao. Mwisho kabisa ndipo alipochukua chaki akaandika ubaoni: 1794, na chini yake mwaka wa Hijria, 1209. Darasa zima likashusha pumzi. "Mwaka ukitangulia, mtoto analala," alikuwa akisema. Mwalimu gani asiyeona fahari kwa hila yake?

Jirani alisimuliwa vita hivyo jioni nne mfululizo, mpaka mwisho, mpaka mwaka. Aliangalia ramani kwa jicho lake zima, akauliza fyekeo lilifukiwa kina gani, akauliza kama zizi lilikuwa la mawe au la mbao. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na nikajisemea kuwa hakuna mtu mzima anayesikiliza vita vya Polandi mpaka mwisho bila sababu.

Ombi la mama lilipofika kwa mkubwa mmoja aliyekuwa akisikiliza mambo hayo, ami na baba waliitwa barazani kwake siku ya Jumatatu, asubuhi. Mke wa ami alimpigia baba pasi kanzu. Baba akanibusu kichwani akasema: "Andika barua kwa mamako, uache nafasi chini nitie jawabu." Niliiandika, nikaiacha nafasi ya vidole vinne.

Walirudi kabla ya adhuhuri. Ami alipanda ngazi mbele, uso umemvimba kwa hasira, na baba nyuma yake ameshika viatu mkononi kama aliyesahau kuvivua au kuvivaa. Niliyoyajua nimeyajua kutoka mdomoni mwa ami, aliyekuwa amekaa bega kwa bega na baba.

Watu wa Oman wana ada yao. Mgeni akishakaa, akila tende na kunywa kahawa, mwenyeji humuuliza uluum, yaani habari. Mgeni hujibu kuwa hakuna, ila kheri. Mwenyeji huuliza tena, kuna lolote huko utokako? Hakuna. Huuliza hata mara ya tatu, na bado hakuna. Nyumba yako iwe imeungua, baba yako awe amezikwa jana, barazani hakuna habari. Yaliyokuleta utayasema baadaye, taratibu, sauti ikiwa chini. Ami aliijua ada hiyo hata hakuona kuwa ni ada. Hakumwambia baba, ambaye mwaka mzima hakuwa amekaribishwa barazani kwa mkubwa yeyote, kama vile mtu hamwambii mgeni wake kuwa maji ya Maskati yanalowesha.

Baba naye alikuwa na ada ya kwao. Unguja mtu akikuuliza habari, nzuri. Akikuuliza mara ya pili amekutazama usoni, ameona kitu, na ukikaa kimya unamficha. Akikuuliza mara ya tatu keshakushuku. Baba aliulizwa mara ya tatu na mkubwa mwenye uwezo wa kumleta mkewe au kumwacha, mbele ya watu kiasi cha ishirini. Akaona lazima atoe kitu ili aonekane mtu asiyeficha. Ya Unguja aliogopa kuyasema. Ya Maskati aliogopa zaidi. Akatafuta kichwani habari isiyoweza kumdhuru mtu yeyote, ya watu wa mbali, waliokufa zamani, isiyo na Mwarabu wala Mwingereza ndani yake.

"Leo asubuhi kumeamka na ukungu," baba akasema, kwa Kiarabu chake safi cha vitabuni. "Jemadari ameshakamatwa."

Ami alisema baraza ilinyamaza mpaka ukasikia kahawa ikimiminwa. Baba akadhani wanasikiliza kama walivyosikiliza wanafunzi wake, akazidi. Mji mkuu umeanguka. Jeshi liko vilimani, lina baridi. Wanaume wanashuka makwao mmoja mmoja, na mmoja wao amefika nyumbani amefukia silaha yake chini ya zizi. Sasa vita vya Jabali, pale Oman penyewe, vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma yake. Kila aliyekaa pale alimjua mtu aliyeshuka kutoka kwenye majabali hayo yenye baridi, na kila mmoja alijua kuwa bunduki hazikurudishwa zote. Mkubwa aliinua mkono. Baba alikuwa amebakisha sentensi mbili afike kwenye mwaka.

"Mwalimu," mkubwa alimuuliza, "haya umeyapata kwa nani?"

Baba alijibu kwa ukweli kabisa. "Kwa rafiki yangu, mtu mmoja aliyekimbia."

Alipotaka kueleza kuwa ni Polandi, kuwa ni miaka mia na sabini na zaidi, hakuna aliyekuwa akisikiliza. Polandi ni wapi? Kila anayebanwa huwa na nchi ya mbali ya kusingizia. Ombi la mama liliwekwa pembeni, chini ya jiwe la kushikia karatasi, na wao wakaambiwa wende.

"Ungesema hakuna," ami alikuwa akirudia, anazunguka chumbani. "Neno moja, ndugu yangu. Mtoto wa miaka mitano hapa anajua kusema hakuna."

"Aliniuliza mara tatu," baba akasema.

Kuanzia siku hiyo watu walipita mlangoni petu kwa upande wa pili wa njia. Mnunuzi wa jumla wa ami hakutokea wiki nzima. Mtu tusiyemjua alikaa siku mbili kwenye kivuli mkabala na nyumba akichonga kijiti, na hakukichonga kikawa chochote. Mimi sikuwa na shaka ni nani aliyetuharibia. Mkubwa alijuaje kumuuliza baba mara tatu? Sikuwa najua bado kuwa huuliza kila mtu mara tatu. Jirani peke yake aliendelea kuja, alasiri, vikombe vitatu, na hilo nililiona ndilo thibitisho lenyewe.

Siku ya nane jirani alimuuliza ami kwa sauti ya chini, nami nyuma ya pazia nikasikia: "Daftari la mwalimu, lipo?" Ami akasema lazima lipo. Jirani akaondoka bila kumaliza kahawa. Kesho yake asubuhi nikakutana naye chini ya ngazi. Aliinama, jicho lake lile la ukungu karibu na uso wangu.

"Mwanangu, daftari la babako, lile kijani, anaweka wapi?"

"Halipo," nikamwambia.

"Lipo. Mimi nimeona."

Nilipanda ngazi mbili mbili. Baba alikuwa msikitini, ami dukani, mke wa ami anapanga vyungu. Nililifungua sanduku, nikalitoa daftari chini ya nguo za mama ambazo tulikuwa tumetangulia nazo. Sikulifungua, kwa sababu nililijua lote kwa moyo. Nilishuka nalo jikoni ndani ya kanga, nikalichana katikati na kulitia chini ya chuma cha mikate. Jalada lilikawia kushika. Mke wa ami aligeuka na kuniuliza kinanuka nini, nikasema karatasi ya kuwashia. Nilifurahi. Nilijiona nimemwokoa baba na nimemleta mama.

Alasiri ile jirani alikuja na ami pamoja, mapema kuliko kawaida, na ami alikuwa akitabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu Jumatatu ile. Mwana wa dada yake jirani alikuwa mwandishi wa yule mkubwa. Jirani alikuwa amemwendea mara tatu, akamwapia kuwa yeye mwenyewe ameyasikia hayo yote mpaka mwisho, kuwa ni taarikhi ya Manasara, yaani Wakristo, iliyopita zamani, na kuwa imeandikwa katika daftari lenye mwaka wa Hijria, sahihi ya Mwingereza na muhuri wa skuli. Mwandishi amekubali. Daftari likifika leo, kesho litawekwa mbele ya mkubwa, na ombi litatoka chini ya jiwe.

"Nenda kalete, mwalimu," jirani akasema. "Mwaka unao. Waone mwaka tu."

Baba alipanda juu karibu akimbie. Nilimsikia akifungua sanduku, akilifunga, akalifungua tena. Nikamfuata. Alikuwa amepiga magoti kati ya nguo za mama, zimetapakaa chumba kizima.

"Nimelichoma," nikamwambia.

Alinitazama. Nilingoja anipige, nilitaka anipige. Akaanza kuzikunja nguo moja moja, akazirudisha sandukuni, akanipangusa uso kwa upindo wa kanga yangu mwenyewe, akashuka. Nilimsikia akisema chini, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Samahanini. Nimekumbuka sasa. Daftari lilibaki Unguja."

Jirani alikuwa ameliapia daftari hilo mbele ya mwana wa dada yake, na sasa mwenye daftari anasema halipo. Baba alijitolea kuliandika upya usiku kucha. Ami akamuuliza nani atauamini mwaka wa zamani kwa wino wa leo. Jirani akatikisa kikombe kitupu ambacho hakikuwa kimetiwa kitu, akavaa viatu, na hakuja tena nyumbani petu mpaka alipokufa.

Ami hakuiamini hiyo ya Unguja, akatafuta miezi mingi ni nani aliyetuchongea na kulipoteza daftari. Aliwashuku wateja, akamshuku mchukuzi wa maji, akamshuku hata imamu. "Kikulacho ki nguoni mwako," akarudia kila baada ya chakula, nami nikikusanya sahani. Baba hakunitaja. Barua niliyoiachia nafasi ya vidole vinne aliijaza mwenyewe, sijui aliandika nini.

Baba alipoona hatia yangu inanila akanipa kazi. Alasiri, sebule ikiwa tupu, alinikalisha mahali pa mwenyeji. "Niulize," alisema. Nikamuuliza uluum. Hakuna, ila kheri. Kuna lolote huko utokako? Hakuna. Mara ya tatu? Hakuna. Siku za mwanzo alikosea, macho yake yakiwaka pale pa tatu, nami nikimkatisha: "Baba, hakuna." Miaka ikapita, hakukosea tena. Aliacha kutuhadithia mezani. Akapata kazi ya kuandikia watu barua, maneno yao, si yake. Watu wa baraza wakaanza kumwita mtu mzito, mtu wa heshima, na ami akafurahi.

Mwaka 1970 utawala ulibadilika na milango ikafunguliwa kwa watu wetu. Mama alishuka bandarini Matrah miezi michache baadaye akiwa mnene kidogo kuliko nilivyomkumbuka, na mdogo wangu wa miaka sita amemshika mkono. Alilia, akacheka kwa sauti, akalia tena. Nyumbani tulikaa chini sote, ami na mkewe, tende na kahawa, na mama akamgeukia baba.

"Haya, habari za miaka yote hii?"

"Hakuna," baba akasema. "Ila kheri."

Mama alidhani mzaha. Alimtazama usoni, akamuuliza tena kama tunavyoulizana sisi. Hakuna. Akacheka, akamsukuma mdogo wangu mbele. "Basi mhadithie mwanao vile vita vyako. Njia nzima nimemsifia. Haya, baba, funga mlango uanze, leo asubuhi kumeamka na ukungu."

Mtoto akakaa mbele yake, amekunja miguu vizuri, anangoja. Baba alitazama mlango, uliokuwa wazi. Akamtazama ami. Kisha akateremsha macho kwenye kikombe.

"Vita gani?" akauliza.

Mama alicheka peke yake, halafu akaacha. Akanigeukia mimi. "Amefanywa nini babako?"

Nilichukua birika nikammiminia kahawa. "Hajafanywa kitu, mama," nikasema. "Sote wazima."